Mguu Kwenye Breki

Jumamosi saa tatu asubuhi mjane aliliwasha gari dakika kumi ili oili ya giaboksi ipate joto. Akalizima, akalipandisha kwa jeki mpaka likakaa sawasawa juu ya stendi nne, kisha akajisukuma chini yake na beseni la kufulia. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na fundi wa gereji, alisimama kando akijipepea kwa kofia.

"Shemeji, giaboksi ya otomatiki haichokonolewi hivi hivi. Utaliharibu gari la kaka."

"Lilishaharibika mlimani, mkanyoosha bodi tu," mjane alijibu kutoka chini. "Nipe spana ya kumi na saba."

Akampa ya kumi na nne. Mjane akairudisha, akajichukulia mwenyewe ya kumi na saba.

Ripoti ya ajali ilisema dereva aliweka nyutro katikati ya mlima ili abane mafuta, gari likarudi nyuma likaingia korongoni. Mumewe alikuwa mtu wa kuvuta hendibreki hata akiegesha uwanjani. Mjane alitaka mstari ule mmoja ufutwe, basi.

Nati ilipolegea, oili ilimwagika. Kitabu cha gari kilisema iwe nyekundu. Hii ilikuwa ya rangi ya kahawa, nzito, na mjane aliipaka kwenye vidole akainusa.

"Hii ni oili ya injini. Gia zingeshika vipi mlimani?"

"Oili ni oili, shemeji."

"Nani aliibadilisha mara ya mwisho?"

"Gereji tuko wengi," alisema shemeji, akajitia hamnazo akitazama geti.

Alikuwa yeye. Mjane alikumbuka hata siku yenyewe: wiki moja kabla ya ajali, shemeji alikula chakula cha mchana hapo hapo akijisifu kwamba kazi ya saa mbili ameimaliza kwa nusu saa.

Alipima iliyotoka, chupa tatu na nusu, akakaza nati, akamimina nyekundu kiasi kile kile. Sasa alihitajika mtu wa kukaa ndani, mguu kwenye breki, ahamishe gia huku yeye akipima. Shemeji alisema goti linamuuma.

Kwa hiyo aliingia mumewe, aliyekufa miezi saba iliyopita. Alifungua mlango wa dereva, akakirudisha nyuma kiti ambacho mkewe alikuwa amekisogeza mbele, akarekebisha kioo.

"Ulikuwa wapi muda wote huu?" mjane aliuliza. "Washa."

Akawasha. Akaweka rivasi, akahesabu mpaka tano, nyutro, tano, kisha mbele. Jirani aliyekuwa akianika nguo akamsalimu juu ya ukuta.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu, jirani."

Jirani akaendelea na vibanio vyake.

"Mwambie mdogo wako aende kituo cha polisi akaseme alichofanya," alisema mjane.

Mume alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa akifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Mwache, mama watoto. Ana kazi moja tu, ataipoteza."

"Na wewe una jina moja tu."

"Mimi silitumii siku hizi."

"Ninalitumia mimi!" alisema mjane. Alikifuta kijiti cha kupimia, akakitumbukiza tena. Oili ilikuwa kwenye alama.

Mume alizima injini, akavuta hendibreki, akafunga mlango taratibu. Alisema oili ibadilishwe tena baada ya kilomita elfu arobaini, atakuja kukanyaga breki. Akatoka getini.

Jumatatu mjane aliipeleka chupa ya ile oili ya kahawa kituoni pamoja na shemeji. Askari aliinusa, akakubali ni ya injini, akauliza nani aliitia. Mjane akamtazama shemeji. Shemeji akasema hajui. Askari akaeleza kwamba fomu ina nafasi ya shahidi aliye hai, ya marehemu haina, akamrudishia chupa yake; mstari ule ukabaki.

Walirudi kwa njia ya mlimani. Gari lilipanda bila kushtuka, gia zikibadilika laini kama hazipo. Karibu na kilele, wapakia mchanga walimtambua mjane kwenye usukani.

"Mama, usije ukaweka nyutro kama mzee wako!"

Wakaangua kicheko. Kwenye kiti cha nyuma, shemeji naye akacheka kidogo.