Maji ya Kifua cha Tiaon

Jumatatu asubuhi Daktari Rutiana alipitisha mrija katikati ya mbavu za Tiaon, mtoto mchanga wa Teretia. Maji yaliyokuwa yakilibana pafu la kulia yakaanza kushuka kwenye chupa iliyowekwa sakafuni, na mtoto akalia kwa mara ya kwanza. Daktari alimweleza mama kwamba maji hayo yanaongezwa na mafuta ya maziwa yake. Akiacha kunyonyesha, mtoto akapewa maziwa maalumu ya kopo, kifua kitakauka. Kopo lilikuwemo stoo.

Mfagiaji aliyekwenda kumwaga chupa aliyaonja maji. Yalikuwa baridi, hayana chumvi.

Ukame ulikuwa umevitia chumvi visima vyote vya kisiwa, kwa hiyo kufikia mchana foleni ilitoka wodini ikapita kanisa. Bakoa, mjomba wa Teretia, alitangulia na dumu. Aliomba kwa bubuti, na ombi la namna hiyo, likitoka kwa ndugu, halikataliwi. Waliomfuata nao walikuwa ndugu.

Jioni wazee walikutana kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, wakamwomba daktari, mpwa wao, kwa bubuti vilevile: kopo lisifunguliwe mpaka mvua inyeshe. Alikubali. Teretia akaanza kuletewa samaki wanono na babai, magimbi ya kisiwani, iliyopondwa kwa tui, ili maziwa yasipungue.

“Kula, mwanangu,” Bakoa alimwambia. “Jana maji yalitoka kidogo, watu wamenung’unika.”

“Mtoto anatweta, mjomba.”

“Hata baba yake anakoroma. Kula.”

Teretia alimfuata daktari mbele ya foleni nzima, akaomba kopo kwa bubuti.

“Kopo ni la serikali, dada,” Rutiana alisema. “Lingekuwa langu ningekupa.”

“Na kifua cha mwanangu?”

“Hicho ni cha ukoo.”

Pafu la kushoto nalo likajaa. Daktari alitia mrija wa pili, na foleni ikagawanywa, wanaume kulia, wanawake kushoto. Ilienda haraka zaidi.

Tiaon alikufa kabla ya mvua. Mirija haikukauka, kwa hiyo maziko yaliahirishwa. Teretia, ambaye hakuwa ameyaonja maji hayo, alichukua kikombe akapanga foleni upande wa wanawake. Kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji, alisimama wa mwisho, na kila alipofika mtu mwingine alirudi nyuma kumpisha.