Matuta Chini ya Nyasi

Shamba alilotuachia bibi lilikuwa kwenye mteremko, juu ya mto Songwe. Mwaka ule wa 1955 tulikuwa tumelipumzisha, na nyasi zilifika mabegani. Watu wa kampuni ya madini walipita wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyeupe katikati yake. Karani wao akamwambia jumbe wa kijiji kwamba lile ni pori, halina mwenyewe. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, angekuja Jumatatu kutoka Mbeya, na akiona ni pori angeipa kampuni.

Baba alitaka ukoo wote ulime upesi, ili mzungu akute udongo umefunguliwa. Jirani yetu Jailos akacheka, akasema shamba letu linaamshwa kwa sababu mgeni amepiga hodi.

Baba alipoweka jembe chini afunge mkanda, shangazi Tupokigwe aliukalia mpini.

"Kaka, ukilima leo, atasema umelima leo," alisema. "Utakuwa umefukia kazi ya mama kwa mikono yako."

"Kazi gani? Mimi naona nyasi tu."

"Basi zichome."

Kwetu nyasi za shamba lililopumzika hazichomwi. Hufukiwa ndani ya matuta zioze, na hicho ndicho chakula cha mahindi. Kuzichoma ni kutupa rutuba ya miaka. Baba alizunguka shamba akirudi pale pale, kisha akamtuma mama jikoni kuleta kaa la moto.

Jumatatu Bwana Shauri alikuta mteremko mweusi, na juu ya weusi huo matuta ya bibi, yamelala moja chini ya jingine hadi kwenye kaburi lake. Alitembea akijikwaa kwenye kila mfereji, viatu vikijaa majivu. Karani alianza kueleza habari za pori.

"Pori halijipigi matuta, bwana," shangazi alisema, na jumbe akatafsiri.

Bwana Shauri aling'oa kigingi kilichokuwa karibu, akamkabidhi karani, akaonyesha juu kwenye mawe, kihamishiwe huko. Vingine vikafuata.

Shangazi alisema mahindi yatasubiri, mvua ikinyesha tutapanda ulezi, maana ulezi hupenda majivu.

Vigingi sasa vilisimama karibu na shamba la Jailos, nalo lilikuwa limepumzishwa. Jioni ile alikuja kwetu, hakucheka. Aliomba moto.