Jumatano Bila Manukato

Miaka ishirini na sita, mimi Everlyn sijajipaka mafuta ya kunukia Jumanne jioni. Kila Jumatano mume wangu Sifuna alirusha puto kutoka kituo cha hali ya hewa cha Uthiru, limebeba kisanduku cha kupima ozoni, hewa ya juu inayotukinga na jua kali. Alisema harufu kidogo tu mikononi mwake ingeharibu kipimo. Nikakubali.

Ijumaa wakamstaafisha kwa soda moja na makofi. Wakubwa wakasema puto lingoje mpaka apatikane mtu mwingine. Miaka yote hiyo, halafu lingoje! Majina yao ninayo yote kichwani.

Jumanne jioni Sifuna aliinusa shingo yangu.

"Mama Phoebe, mbona hujajipaka? Mimi si mtu wa kazi tena."

"Nani amekuambia? Shati nimelifua kwa sabuni isiyonukia."

"Na wakinifukuza pale langoni?"

"Watatufukuza wawili. Mimi nitashika kamba ya puto."

Akacheka, macho yamemlowa.

Asubuhi tulipanda kutoka Kangemi kwa miguu, tumeshikana mikono. Askari wa lango alimwona Sifuna, akafungua bila kuuliza kitu. Ilikuwa Jumatano.