Mwizi wa Manyoya ya Pasaka

“Umevunja mti wangu!”

“Na wewe umeniibia manyoya yangu!”

“Manyoya? Mimi, Ragnvald Hallin, niibe manyoya?”

“Basi ni nani anayeitolea macho roshani yangu kila asubuhi, Mzee Ragnvald? Paka?”

Nilikuwa nakanda unga wa maandazi ya iliki. Nililiacha donge palepale, nikafuta mikono kwenye aproni, nikatoka. Katika nyumba yetu ya ghorofa hapa mtaa wa Majorna watu hawagombani kwa mdomo. Mtu akikasirika anaandika karatasi, anaibandika mlangoni pa chumba cha kufulia bila jina, kisha chini anachora uso unaocheka ili ionekane hana kinyongo. Kwa hiyo kelele za ngazini ni kitu adimu, na mimi Gullan, niliyeuza soseji kwenye kibanda cha Mariaplan nusu ya maisha yangu, sijazoea kupitwa na vitu adimu.

Niliwakuta mbele ya mlango wa Tyra. Ragnvald, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, alikuwa amesimama wima kama mlingoti, mkononi ameshika kitawi kilichovunjika. Tyra alikuwa bado na sare yake ya udereva wa tramu, miguuni soksi tu, uso mwekundu mpaka masikioni.

“Gullan, wewe ni shahidi,” alisema Ragnvald. “Tazama hapa. Kimevunjwa, kimetupwa chini. Na vingine vingi vimetoweka kule juu. Halafu ukiangalia dirishani kwa huyu binti unaona nini? Chombo kimejaa vitawi!”

“Dirishani kwa kila mtu kuna vitawi,” nilimjibu. “Pasaka inakuja.”

“Si kwangu.”

Hilo lilikuwa kweli. Majira haya kila nyumba mjini huingiza ndani vitawi vya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, huvitia kwenye maji na kuvifunga manyoya ya rangi, ya njano, ya waridi, ya kijani, ili huku nje barafu inasuasua kuondoka, ndani majani yawe yameshaanza kuchipua. Kila nyumba isipokuwa ya Ragnvald. Kwake kuta nyeupe, meza nyeupe, taa moja nyeupe. Mke wake Gerd aliwahi kuniambia, “Gullan, ndugu yangu, mimi naishi ndani ya friji.”

Lakini mti wa uani, huo ni habari nyingine. Mbetula ule aliupanda Ragnvald mwenyewe, na anaupenda kuliko kitu chochote kisichokula. Watoto hawaupandi. Kamba ya nguo haifungwi. Mwaka ule mtu alipoegemeza baiskeli yake kwenye gome lake jeupe, chumba cha kufulia kilipata karatasi mbili.

“Vyangu nilinunua sokoni,” alisema Tyra. “Kwa yule mama mwenye kofia ya sufu. Na nilivifunga manyoya, vingine nikavipanga ndani, vingine kwenye roshani. Vya roshani vinanyonyolewa! Kila nikirudi kazini vimepungua. Kama hupendi rangi zangu, Mzee, niambie. Usiniibie.”

“Jumatatu kuna kikao,” alisema Ragnvald, akiongea polepole sasa, na huo ndio ubaya wenyewe. “Ombi lako la kuendelea kukaa liko mezani. Mimi mtu anayevunja mti ulio hai simpigii kura.”

Uwekundu wote ukamtoka Tyra usoni.

Hapo mchezo ukaisha. Nyumba anayokaa Tyra si yake. Mwenyewe yuko Norwe kikazi, na kila mwaka kamati lazima ikubali Tyra aendelee kupanga. Kamati ni watu watatu: Ragnvald, mimi, na Sixten wa ghorofa ya juu, ambaye humfuata mtu aliyesema mwisho, na anayesema mwisho siku zote ni mwenyekiti. Akikataliwa, Tyra aende wapi? Kwenye foleni ya nyumba za kupanga katika mji huu watu huandikishwa na wazazi wao wakiwa bado na meno ya maziwa.

Na mimi sikutaka aondoke, nisiwafiche. Tangu aje, nyumba ile imechangamka. Ametoka kwenye misitu ya Dalsland, na anasema akikaa mahali pasipo na kitu cha msituni anajiona kama amefungiwa ndani ya tramu. Makoti anayatundika kwenye tawi kubwa lililooshwa na bahari mpaka likawa la kijivu. Dirishani kapanga mawe ya mviringo. Mezani ana bakuli la lile zulia la kijani linaloota juu ya miamba, analinyunyizia maji kila asubuhi kama mtu anayenywesha mtoto. Ukiingia pale unasikia harufu ya misonobari, na unapewa kahawa kabla hujaomba.

“Ngojeni,” nilisema. “Bwana mwenyekiti, mti wako si mbetula wa kawaida, sivyo?”

Kifua kilimtanuka. “Ni wa aina ya Ornäs. Majani yake yamechanika kama vidole. Hakuna mwingine mtaa huu mzima.”

“Na majani ya vitawi vya sokoni?”

“Ya kawaida. Kama moyo mdogo.”

“Basi kuna ugomvi gani hapa? Tyra, leta vitawi vyako. Tuvitie maji ya vuguvugu. Vikichipua tutajua vimetoka wapi.”

Wote wawili walinitazama kama niliyetoa sungura kwenye kofia. Ragnvald alikubali, ila kwa sharti: chombo kisikae kwa mshtakiwa, asije akabadilisha mzigo. Kwa mshtaki pia kisikae, alisema Tyra, maana mtu anayeiba manyoya hashindwi kuchemsha vitawi. Kikawekwa kwangu, dirishani jikoni.

Jamani, sijawahi kuwa na wiki nzuri kama ile. Watu ambao miaka mingi tumesalimiana kwa kutikisa kichwa tu walianza kubisha hodi. “Nimepita tu kuangalia majani.” Wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye kochi la jikoni, wanakula maandazi. Sixten alikuja na shangazi yake. Mama wa ghorofa ya chini, ambaye nilidhani hanipendi, alileta jamu. Wengine walimtetea Tyra, wengine Ragnvald, na waliobaki walikuwa upande wa maandazi.

Gerd alikuja kila siku. Alikuwa anakaa karibu na chombo, akigusa manyoya kwa ncha ya kidole.

“Kwetu nilikozaliwa mama alikuwa anajaza vitawi mpaka baba hapati pa kuweka gazeti,” alisema. “Huyu wangu anasema mti ni wa uani. Ndani majani yanaanguka, nani atafagia? Nikamwambia mimi nitafagia! Wapi.”

“Si uviingize tu kwa nguvu?”

“Aa, Gullan. Ndoa si kibanda cha soseji.”

Tyra naye alikuja baada ya zamu, hali chochote, anavikodolea macho vile vichipukizi. “Mama Gullan, na kama havifunguki kabla ya Jumatatu?”

“Vitafunguka. Kula.”

Vilifunguka Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi. Asubuhi nilikuta majani yamefikia ukubwa wa masikio ya panya, kama tunavyosema huku. Nikagonga bomba la maji kwa kijiko, na nyumba nzima ikajua. Jikoni kwangu hapakuwa na pa kukanyaga. Ragnvald alivaa miwani, akainama, akaanza kukagua kitawi kimoja kimoja.

“Cha kawaida,” alisema. “Cha kawaida. Hiki cha kawaida. Na hiki.”

Watu walianza kutabasamu. Tyra alinishika mkono.

“Na hiki,” alisema Ragnvald, kisha akatulia. Akakitoa kwenye maji na kukiinua juu, majani yake madogo yamechanika kama vidole vya mtoto mchanga. “Hiki ni changu.”

Tyra aliuachia mkono wangu.

“Hicho nilikiokota!” alisema Tyra. “Kilikuwa chini, karibu na banda la baiskeli. Kilikuwa kizuri tu, nikakichanganya na vingine, wala sikukumbuka. Kilichoanguka si kinaruhusiwa kuokotwa?”

“Kilichoanguka chenyewe, ndiyo. Kilichoangushwa, hapana. Hapajakuwa na upepo wiki tatu, binti.”

“Mzee Ragnvald, naapa...”

“Jumatatu,” alisema, akavaa viatu vyake na kuondoka. Alivaa cha kushoto mguu wa kulia, lakini hakuna aliyecheka.

Jioni ile Tyra alivichukua vitawi vyake vyote akavitoa nje kwenye roshani, pamoja na vya jikoni kwangu. Alisema hataki kuviona. Nilimpelekea supu akaniambia ameshiba, na sauti ya mtu aliyeshiba haiko vile.

Jumapili asubuhi jua lilitoka, lile la kwanza ambalo mtu anaweza kulikalia. Nilifungua dirisha, nikaweka viwiko vyangu kwenye mto na kikombe cha kahawa mbele yangu, kama kawaida. Chini uani, Ragnvald alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mti wake, blanketi mapajani, kofia kichwani, chupa ya chai pembeni. Alikuwa analinda. Gerd alikuwa dirishani kwake, analisukasuka zulia. Tyra alitoka kwenye roshani na kikombe, akamwona mzee, akataka kurudi ndani.

Ndipo alipofika yule mwingine.

Alitua juu kabisa ya mbetula, mweusi na mweupe kama mhudumu wa hoteli, mkia mrefu unapiga juu chini. Skata, jamaa yake kunguru, yule anayependa kuokota kila kinachong’aa. Aliteremka tawi kwa tawi mpaka akawa sawasawa na kichwa cha Ragnvald. Akachagua kitawi kimoja, akakiuma, akakipinda huku, akakipinda kule, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote.

Tak!

Kitawi kilikatika, kikamponyoka, kikaanguka juu ya kofia ya mwenyekiti.

Ragnvald hakusogea. Alikuwa ameinua macho, mdomo wazi. Ndege akamtazama kwa dharau, akachuma kingine, safari hii akakishika vizuri, akaruka nacho mpaka kwenye mti mrefu nyuma ya banda la baiskeli. Pale juu kulikuwa na lundo kubwa la kiota, na sote tulikuwa tumepita chini yake miezi yote bila kuinua shingo. Akakichomeka kitawi, akakisogeza kidogo, akarudi nyuma kukitazama. Hakuridhika. Akaruka moja kwa moja hadi roshani ya Tyra, akatua kwenye chombo, hatua mbili tu kutoka alipokuwa amesimama mwenyewe na kikombe chake, akang’oa unyoya wa waridi na kuondoka nao.

Sasa ukitazama vizuri ulikuwa unaona. Njano hapa, kijani pale. Kiota chote kilikuwa kimepambwa.

Nilishindwa kujizuia. “Bwana mwenyekiti!” nilipiga kelele uani kote. “Mwandikie karatasi!”

Madirisha yalicheka yote. Sixten alicheka mpaka akakohoa. Gerd aliangusha zulia lake uani, akashika tumbo.

“Hata ndege!” alisema, machozi yanamtoka. “Hata ndege ana nyumba iliyopambwa, jamani! Ni mimi tu ninayekaa kwenye friji!”

Ragnvald alisimama. Alivua kofia, akakitoa kile kitawi, akakigeuza mkononi, akatazama kiota, akatazama roshani. Kisha akakunja kiti, akakunja blanketi, kona kwa kona, maana hata siku ya aibu ni lazima blanketi likunjwe, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimeshafika nyuma ya mlango wangu. Nilisikia hatua zake zikipita ghorofa yake, zikapanda mpaka kwa Tyra. Akabisha.

“Binti Tyra.”

“Mzee.”

“Yule ndege.”

“Nimemwona.”

Niliwaza: mtu huyu ameandika karatasi maisha yake yote, neno lenyewe atalitoa wapi?

“Nimekukosea,” alisema. “Nisamehe. Kesho nitapiga kura ubaki. Na nitasema wa mwisho, ili Sixten asikie.”

“Asante,” alisema Tyra, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Na mimi nisamehe kwa ya manyoya.”

“Shika hiki.” Alikuwa anampa kitawi. “Kimeanguka. Nimekishuhudia mwenyewe, kichwani kwangu.”

“Hapana, Mzee. Hicho kiweke kwako. Ngoja nikupe na unyoya.”

“Mimi? Kwangu?” Alisita. “Majani yakianguka...”

“Yatafagiwa!” Sauti ya Gerd ilipanda ngazini kutoka chini, kali kama kengele ya tramu. “Ragnvald! Mshike mkono huyo binti mteremke naye! Na chombo chake chote, chenye manyoya, sitaki kisingizio! Samaki heringi wa siki wako mezani, mayai yapo, viazi vya krimu vimetoka kwenye oveni sasa hivi. Na wewe Gullan, najua uko nyuma ya mlango, unapumua kama farasi! Chukua maandazi yako, vua viatu, ingia tule!”