Kidole Kilichonata

Kabla Jenifer hajatua hata mkoba wake barazani, mama mkwe alishamvuta mkono akaone lile ua la chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lione! Tangu uniletee sijalifuta hata siku moja, na bado linang'aa. Ugweno nzima inanionea wivu."

Kweli lilikuwa liking'aa. Lilikuwa limetambaa ukutani hadi juu ya dirisha, na majani yake mapana yalimeremeta juani kama yamepakwa mafuta. Jenifer, ambaye kazi yake ni kuotesha na kuuza maua ya vyungu Same mjini, aligusa jani moja. Kidole kikanata.

Akalitazama shina. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka shinani kwa foleni. Akaligeuza jani. Kando ya mshipa palikuwa na vitu vyeupe, kama vijinyuzi vya pamba. Vidung'ata. Wadudu hao hufyonza maji ya mmea na kuacha utamu unaonata, na utamu huo ndio uliokuwa ukimeremeta.

Chini ya ua hilohilo, kivulini mwake, viriba vya nailoni vyenye miche ya kahawa vilipangwa mpaka mlangoni. Mama mkwe wake, Mama Fanueli, aliilea miche hiyo kwa ajili ya kikundi chao cha akina mama, na leo walikuwa wanakuja kugawana.

"Mbona umenyamaza? Njoo unywe chai."

"Nakuja, mama."

Akachuchumaa, akijifanya anafunga kiatu. Mche wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili nao. Akaanza kupumua. Wa tatu, pale jani linapoungana na shina, pamba ileile.

Siku aliyolileta ua alikuwa anawahi gari. Alilipangusa juujuu, chini ya majani hakuangalia. Sasa aseme nini, yeye mkamwana, kuhusu zawadi aliyoileta mwenyewe? Na akinyamaza, miche itapanda milimani na kuingia kwenye mashamba ya watu.

Vicheko vikasikika njiani. Akina mama waliingia na vikapu vyao, jirani yao Koleta akiwa mbele.

"Mkamwana wa mjini! Na kucha hizo utatusaidia kubeba kweli?"

Mama Fanueli alicheka, akainama, akainua kiriba cha kwanza na kumnyooshea Koleta.

"Mama, usimpe!" Sauti ilimtoka Jenifer kali kuliko alivyotaka. "Miche ina wadudu. Wametoka kwenye ua. Nimewaleta mimi."

Mama Fanueli alilitazama ua, kisha akamtazama yeye.

"Ua zuri hivi, unaniambia linaumwa?"

"Huko kung'aa ndiko kuumwa kwenyewe, mama." Akawageuzia jani, akawaonyesha.

"Maji ya miche hii nimeyabeba kwa kichwa changu." Mama Fanueli aliyasema polepole, na upole huo ulimchoma Jenifer kuliko makofi.

"Tutaiosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani. Mingi itapona. Ila leo usitoke hata mmoja. Na ua tulichome."

"Lichome," akasema Mama Fanueli.

Koleta alilisogelea ua. Kikapu kilikuwa kimemning'inia mkononi.

"Mimi nilikata kijiti chake," akasema. "Tulipopita hapa tukitoka ibadani. Nimekipanda kwenye kopo, kipo dirishani. Kahawa yangu yote iko nje ya hilo dirisha."

"Na mimi nilikata," akasema mwingine.

"Mimi viwili. Kimoja nimempelekea dada yangu Hedaru."

Jenifer aliwageukia wote.

"Nani mwingine?" akauliza.

Mikono ikaanza kunyooka.