Ushanga wa Mama Ade

Lusungu alikuwa fundi wa shanga pale Tabata, na kwa jinsi alivyojiamini ungedhani kioo alikianzisha yeye. Alisaga chupa za bia, akamimina unga kwenye vikalibu vya udongo, akavisukuma tanuruni, na akina dada wa mjini wakavaa wakidhani ni vito. Chupa za bia zilimtii. Ndiyo maana mkewe, Jovina, alipomwekea mezani vigae vya chupa ya kunyonyea ya mtoto wao, hakujiuliza.

Ade alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu kabla hajaota jino. Nguo zake zote ziligawiwa. Chupa ile ya kioo ndiyo pekee Jovina aliyokataa kuitoa, na sasa ilikuwa imemponyoka sakafuni.

"Nitengenezee kitu cha kuvaa," alisema. "Kimoja tu. Nimechoka kukaa mikono mitupu."

Lusungu alijaza mkaa, akavuta mvukuto mpaka jasho likamwingia machoni. Chupa ya bia ingeshakuwa uji. Hii ililegea kingo tu, ikagoma. Ilikuwa chupa ya kuhimili maji yanayochemka, na kilichoifanya isipasuke jikoni ndicho kilichoifanya isiyeyuke tanuruni.

Akili ikamrudisha jikoni kwa mama yake, Mbeya. Maharage yakikataa kuiva, unatia magadi. Na kioo nacho hulainika kwa magadi, hilo alilijua. Akasaga vigae, akatia kijiko. Bado. Akaongeza, akaongeza tena, kwa pupa ya mtu asiye na kigae kingine duniani. Kikayeyuka. Lusungu akalia peke yake mbele ya moto, kwa furaha.

Ushanga ulitoka mweupe, unaangaza. Siku Jovina alipouvaa shingoni kwa uzi alikula ugali akamaliza sahani. Alifua nao, akaoga nao, akalala nao.

Kisha masika yakaingia. Ushanga ukashika ukungu, halafu ukaanza kuteleza kama kipande cha sabuni. Ngozi ya kifua cha Jovina ikawa nyekundu pale ulipolala. Lusungu akaona umepungua. Akaenda Temeke kwa Fakihi, aliyemfundisha kazi.

"Magadi ulitia kiasi gani?" Fakihi aliuliza.

"Mpaka kikayeyuka."

"Na chokaa?"

"Chokaa sikutia."

"Mdogo wangu, magadi yanalainisha kioo, lakini chokaa ndiyo inayokishika kisiyeyuke kwa maji. Huo unaisha taratibu kama chumvi ya mawe. Urudishe motoni, utie chokaa, kabla haujakwisha."

Alirudi nyumbani amelowa chapachapa.

"Mama Ade, nipe ushanga. Nimekosea, nilizidisha magadi. Ukinipa leo nitaupika upya, utadumu."

"Utaupika wapi?"

"Tanuruni."

Jovina akaufumba kiganjani. "Umtie motoni tena? Mara ya kwanza sikuwa na akili. Leo ninazo."

"Basi uvue tu. Tuuweke kwenye kopo, pakavu." Akapiga magoti, mwanamume mzima. "Nakuomba, mke wangu."

"Ade nilimweka pakavu," Jovina alisema. "Nilimfunika, nikaziba madirisha, hata barazani sikumtoa. Akaondoka vilevile. Huyu mwache aishie mwilini mwangu."

Hapo Lusungu akachanganyikiwa. Alichota maji yeye, alifua yeye, alimfuata mkewe sokoni na mwavuli hata pasipo mvua. Majirani wakacheka wakasema fundi kalishwa limbwata. Wangejua! Aliomba jua kama mtu anayeomba uhai, na jua lilipotoka likaleta joto, na joto likaleta jasho. Jasho la Dar halina mwavuli. Kila asubuhi aliutazama ushanga ukizidi kuwa mdogo, na dawa aliijua, na mkono wake haukuruhusiwa kuigusa.

Asubuhi moja Jovina alitoka bafuni na khanga yake, akaketi kwenye kigoda, akampa mgongo. Shingoni hapakuwa na kitu. Kifuani ilibaki alama nyekundu, ndogo. Uzi alikuwa ameushika mkononi, umelowa na mtupu.

Lusungu akasogea nyuma yake.

Jovina akazungusha uzi shingoni, akamnyooshea ncha zote mbili kwa nyuma.

"Nifungie, baba Ade."

Alifunga, akakaza, kisha akaongeza fundo la pili, ili usije ukadondoka.