Mawe ya Nyar Sindo

Kijiji hii yetu ya Osiri, ya machimbo, ukitwanga jiwe, watu wanajua jambo moja tu: dhahabu. Sasa ona yaliyompata Scovia!

Scovia ni bibi ya Boaz. Tunamwita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, kwa sababu aliolewa kutoka huko Sindo, kando ya ziwa. Boaz alivuka Tanzania kutafuta mgodi, na siku hizi ukimpigia, simu inakuambia mteja hapatikani. Mtoto hawana. Boma lote ni Scovia, kuku, na shamba ya mboga, sukuma wiki, nyuma ya jikoni. Na hiyo sukuma, wueh! Njano kama imepewa habari mbaya. Asubuhi alikuwa anaisalimia, "Mmeamkaje?" halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti ya sukuma. Usicheke. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumjibu.

Jioni moja akaona video kwa simu. Mzee fulani anasema udongo ukichoka unataka madini: saga mawe ya volkano yawe unga, changanya na mboji, mizizi itakula polepole. Scovia akakaa wima. Mawe ya volkano? Si ni yale meusi yamejaa kwao nyumbani, wanayakalia wakiosha vyombo! Akampigia kakake Chrispine hapo hapo. Wiki haijaisha, lori ya omena, wale dagaa wa ziwa, ikashusha magunia ya mawe barabarani.

Akatoa kinu cha chuma cha Boaz, akajifunga leso mdomoni vumbi isimwingie kifuani, akaanza. Ko! Ko! Ko!

Kabla ya chai ya saa nne, "Hodi hapa!"

Alikuwa Helen, mama yake Lorine, jirani wa ng'ambo ya ua. Tangu Boaz aende, Helen hakuwa amekanyaga hapo.

"Nyar Sindo, umepotea sana."

"Mimi niko hapa tu, Min Lorine. Ni nyinyi mlipotea."

"Na unatwanga nini?"

"Mbolea."

Helen akaangalia jiwe, akamwangalia Scovia, akacheka mpaka akashika mlango. "Mbolea! Haya basi. Hata mimi ningesema ni mbolea." Akavuta kigoda, akamnyang'anya mchi wa chuma, akaanza kutwanga.

Kesho yake akaja na jirani mwingine, Priscah. Siku ingine Marion. Wanatwanga, wanachambua watu, wanaimba za kanisa wakikosea maneno makusudi.

"Hii mbolea ikikomaa," Priscah anasema, "mimi nataka meno yake yang'ae hapa mbele!"

"Na hao wanaume wako utawauma nayo?" Marion anamjibu.

Scovia alirudia kuwaambia ni mbolea. Wakamkonyezea macho. Baadaye akaacha kusema. Hebu jiulize wewe: sufuria kubwa imerudi kwa moto, nyumba imejaa vicheko, utafungua mdomo uwafukuze?

Lakini mvua ilikuwa karibu, na unga lazima uingie kwa udongo kabla inyeshe. Asubuhi moja akaanza. Alikuwa bado kwa laini ya kwanza ya sukuma, Priscah akamkuta, Helen na Marion nyuma yake.

"Unamwaga? Scovia! Unamwaga!"

"Nimewaambia kila siku ni mbolea."

"Unatuficha! Unazika kwa udongo, tukienda unakuja kuosha dhahabu peke yako. Mikono yetu imetoka malengelenge bure?"

Scovia akamtafuta Helen kwa macho. Helen akaangalia chini.

"Basi bebeni," Scovia akasema. "Pelekeni mkaoshe. Mkimaliza mrudi tule."

Wakabeba kila gunia. Chakula kilipikwa, kikafunikwa, kikapoa. Hakuna aliyerudi. Hawakupata hata chembe, na aibu ikawashika vibaya, wakaanza kupita njia ya juu ndio wasipite hapo kwake. Ile laini moja ya sukuma iliyopata unga ikageuka kijani, majani mapana, hadi unatamani kuita mtu aone. Aite nani?

Halafu alasiri moja Helen akaingia, gunia kichwani, jasho imemlowesha.

"Nimekuletea mbolea yako. Kweli haikuwa na kitu."

"Ero kamano, Min Lorine! Asante. Keti, keti." Chai ikawekwa haraka, sukari nyingi.

Helen akapuliza kikombe. "Kesho asubuhi nakuja tumwage pamoja."

Kesho asubuhi! Scovia akavuta kigoda karibu naye. Akaangalia gunia. "Mliosha na zebaki?"

"Sasa dhahabu inashikwa na nini ingine?"

Angeweza kunyamaza. Amwage, wacheke, kesho kutwa Priscah naye aje. Alizungusha kikombe mkononi mpaka chai ikamwagikia kidole.

"Min Lorine, hii siwezi kuweka kwa mboga. Zebaki inakaa kwa udongo, inaingia kwa sukuma, inaingia kwa mtu. Ni sumu."

"Ni kidogo tu, Nyar Sindo."

"Hata kidogo."

"Yaani nimebeba sumu na hii shingo yangu kutoka huko juu?"

Helen akaweka kikombe chini. Akafungua viganja vyake, akaviangalia, akavigeuza.

"Mimi naishika na hii mikono. Lorine nilimnyonyesha nikiwa kwa karai ya kuoshea dhahabu."

Scovia akaleta maji na sabuni. Helen akaosha, akaosha tena, povu ikaisha na bado anasugua. Kisha akainuka kubeba gunia.

"Usimwage karibu na mto," Scovia akasema.

"Sasa nimwage wapi?"

Hapo hawakujua, wote wawili. Wakalifunga kwa nailoni, wakaliegemeza ukutani mbali na kuku. Helen akashika njia, mikono ameiweka mbali na nguo. Hakusema kama kesho anakuja, na Scovia hakuuliza.